Kwa nini sahani ya chakula inazidi kupanda bei Mbeya, ilhali chakula chenyewe kinalimwa huku?

Karani wa Mafiati (swali):

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni karani katika duka la vipuri vya magari hapa Mafiati, naishi peke yangu Uyole, na kwa kuwa naondoka alfajiri na kurudi usiku, chakula cha mchana sina budi kukinunua. Mwanzoni mwa mwaka 2022 nilikuwa nakula wali nyama kwa shilingi 2,500. Leo sahani hiyo hiyo, mahali pale pale, ni shilingi 3,500, na vipande vya nyama vimepungua kutoka vinne hadi vitatu.

Kinachoniumiza zaidi ni mahali tunapoishi. Kila asubuhi nikiwa kwenye daladala naona malori yakipakia viazi pale Uyole, ndizi zinateremshwa kutoka Tukuyu, na mchele wa Kyela na wa Mbarali unasifiwa nchi nzima. Mkazi wa Dar es Salaam akilalamika namwelewa, kwa sababu kila punje anayokula imesafirishwa zaidi ya kilomita 800. Sisi je?

Naomba kufahamishwa mambo mawili. Kwanza, bei hii inatoka wapi hasa? Pili, kwa nini haishuki wakati wa mavuno? Mwezi wa sita na wa saba mchele mpya unapojaa sokoni, sijawahi kuona mgahawa hata mmoja ukipunguza bei. Kwa siku 26 za kazi, mlo mmoja tu wa mchana unanigharimu shilingi 91,000, na mshahara wangu haujaongezwa tangu mwaka huo wa 2022.

Mama lishe, Mwanjelwa:

Mwanangu, nakujibu kwa sababu mimi ndiye ninayekuuzia, kama si mimi basi ni mwenzangu. Nina miaka kumi na moja katika kazi hii.

Wewe unaona mchele, lakini katika sahani ya wali nyama mchele ni mzigo mdogo. Kilo moja naipata kwa shilingi 2,400 na inatoa sahani sita, kwa hiyo hapo ni shilingi 400. Nyama nainunua 12,000 kwa kilo, naikata vipande 24, na vipande vyako vitatu ni 1,500. Mafuta, nyanya na vitunguu ni kama 250, maharage na mboga za majani 250 nyingine, na mkaa 200. Hapo tumeshafika 2,600 kabla sijamlipa binti anayeosha vyombo, kabla ya pango, ushuru, maji na sabuni, ambavyo kwa siku ni 18,000. Nikiuza sahani 60, hiyo ni 300 kwa kila sahani. Kinachobaki ni shilingi 600, na katika hizo ndimo wanamotoka wale wanaokula kwa mkopo na kuhama kituo cha kazi bila kuaga. Siku ya mvua nikiuza sahani 35, gharama zile za siku hazipungui hata senti.

Kuhusu mavuno, nitakwambia ukweli wote. Mchele ulipopanda mwishoni mwa 2022 hadi miezi ya mwanzo ya 2023, sikupandisha bei mara moja, kwa sababu mteja akihama kurudi kwake ni kazi. Nilianza kwa kupunguza upawa mmoja wa wali, kisha kile kipande cha nyama ulichokitaja. Bado mtaji ulikwisha, nikakopa kwenye kikoba, na hapo ndipo nilipopandisha. Mchele uliposhuka, faida yote ilikuwa inaenda kwenye deni. Na hata deni lilipokwisha sikushusha, kwa kuwa nilijua kuanzia Desemba mchele utapanda tena, na kumpandishia mteja bei mara mbili katika mwaka mmoja ni kumfukuza. Hilo ni langu, silikwepi.

Mnunuzi wa mpunga, Igurusi:

Mama amesema vyema upande wa jikoni. Mimi naomba niseme upande wa shambani, kwa sababu dhana ya kwamba chakula kinacholimwa karibu lazima kiwe rahisi inatuletea mawazo yasiyo sahihi. Mpunga wa bonde la Usangu, huku kwetu Mbarali, haumsubiri mlaji wa Mbeya. Msimu ukianza, wanakuja wanunuzi wa Dar es Salaam, wanakuja wa Kenya na Uganda, na mkulima, ambaye amenunua mbolea, amelipa vibarua wa kupandikiza na amekodi mashine ya kuvuna, anampa yule mwenye bei nzuri. Mama lishe wa Mwanjelwa anashindana na hao wote kwa kilo zake kumi.

Nasisitiza hili kwa sababu kila bei inapopanda hutokea mtu akataka mipaka ifungwe. Mahindi yalipozuiwa kuuzwa nje mwaka 2017, wakulima wa nyanda hizi walibaki na magunia ndani huku bei ikianguka hadi wengine wakashindwa kununua mbolea ya msimu uliofuata. Mlaji alipata nafuu ya muda mfupi, na mkulima ndiye aliyeilipia. Mimi mwenyewe nina ndugu aliyeuza ng'ombe wake wa kulimia mwaka ule, na sipendi kuona jambo hilo likirudiwa.

Muuza chipsi, Soweto:

Kaka, viazi ni hadithi hiyo hiyo, maana bei ya gunia Uyole inategemea idadi ya magari yaliyokuja kutoka Dar siku hiyo. Lakini kwangu kinachouma ni mafuta. Mengi tunayokaangia ni ya mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia, na Indonesia ilipozuia kuyauza nje kwa wiki chache mwezi Aprili na Mei 2022, wakati alizeti nayo imeadimika duniani kutokana na vita vya Ukraine, kuna siku nilifunga banda kabisa, kwa sababu wateja wasingeikubali bei ambayo ingenilipa. Tungekuwa na alizeti ya kutosha ya Singida na Dodoma, ningelala usingizi.

Mwalimu, Iringa Mjini:

Huku Iringa nasi tuko hivyo hivyo. Shuleni kwetu walimu tisa tulikubaliana na mama lishe mmoja kwamba tumlipe kila Jumatatu fedha ya wiki nzima, naye atupikie kwa shilingi 500 pungufu kwa kila sahani. Kwa fedha hiyo ananunua mchele na maharage kwa jumla badala ya kupimiwa kilo moja moja dukani, na anajua atapika sahani ngapi, kwa hiyo chakula hakibaki kikatupwa. Sharti letu lilikuwa moja, kwamba asiyefika kazini haidai sahani yake. Miezi minane sasa hatujagombana.

Karani wa Mafiati:

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Sikuwa najua kwamba mchele ni shilingi 400 tu katika sahani yangu. Nilikuwa nimeukasirikia mchele bure. Hapa dukani na kwa mafundi wa gereji jirani tunaweza kupatikana watu kumi na wanne. Mama, je, kwa kulipa kila Jumatatu unaweza kutupikia kwa 3,000?

Mama lishe, Mwanjelwa:

Marahaba mwanangu. Kwa 3,000 nyama itabaki vipande vitatu siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mtakula maharage mazito na dagaa wa Kyela, na wali hamtapunguziwa. Hesabu yangu inakubali hapo, chini ya hapo haikubali. Mafundi wa gereji nao walipe Jumatatu kama wengine, wasiniambie wanasubiri gari litoke. Mkikubaliana, njooni wawili tuandike majina.