Tupeane uzoefu: kaya na baridi ya Juni hadi Agosti (Njombe, Makete, Mufindi)

Kipupwe ndicho hiki. Ushauri wa "vaeni makoti" tunao tayari, kwa hiyo wekeni vipimo. Naanza na bustani.

Sakitu (umande unaoganda na kuunguza mimea) haipendi mawingu wala upepo. Jioni anga likiwa jeupe na hewa imetulia, jiandae. Hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Ndiyo maana viazi vya kinyungu (bustani ya bondeni) huungua, vya mteremkoni vikabaki kijani. Mwagilia udongo mchana, si majani jioni: udongo wenye unyevu hutunza joto la jua kuliko mkavu. Kitalu kifunikwe kabla jua halijazama, kwa nyasi au shuka kuukuu juu ya kichanja, pembeni zifike chini kabisa, kwa sababu joto unalolinasa linatoka ardhini. Nailoni ikigusa jani, hapo hapo panaungua. Funua jua likishapanda.

Mwenye parachichi
Mche ukibabuka, mkasi uache kwanza. Subiri machipukizi yaonyeshe uhai umeishia wapi. Yakitokea chini ya kiungio tu (pale kikonyo kilipopandikizwa), hayo ni ya shina mama, itabidi kubebesha upya, yaani kupandikiza kikonyo kingine. Na mbolea ya kukuzia usiweke msimu wa baridi ukikaribia. Majani machanga ndiyo ya kwanza kufa.

Banda la kuku
Vifaranga wiki ya kwanza nyuzi 33 hadi 35, kisha punguza kama 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wakirundikana kwenye chungu cha mkaa, wana baridi. Wakikaa mbali midomo wazi, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja wote, kuna upepo unaingia, kautafute. Maranda makavu sentimita 5 au zaidi.

Kosa kubwa ni kuziba kila tundu. Mkaa hata ukikolea bila moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua vifaranga na inaua watu. Pazia la gunia lianzie chini, juu paachwe wazi. Chumbani jiko lisilale kabisa.

Ng'ombe wawili
Ndama akizaliwa usiku, msugue kwa gunia kavu mpaka manyoya yasimame. Dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) lita 3 hivi ndani ya saa mbili za mwanzo, yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe. Yaliyopoa humlazimisha kutumia nguvu zake kuyapasha. Matandazo yapimwe kwa goti: piga goti, suruali ikilowa ongeza nyasi. Ng'ombe mkubwa hunywa maji kidogo yakiwa baridi sana na maziwa hushuka, mpe jua likishapasha ndoo.

Mgeni
Na moshi wa majani mabichi shambani, unazuia sakitu?

Mwenye parachichi
Moshi wenyewe hausaidii kitu cha maana, kinachosaidia ni joto. Vimoto vidogo vingi ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu kikubwa hupandisha hewa ya moto juu moja kwa moja. Ila kwa nusu ekari utamaliza kuni za mwezi. Afadhali nyasi za kufunikia.