Tairi la 140 kwenye pikipiki ya umeme ya mtindo wa supamoto: linafaa, na ni halali barabarani?

Mkaazi wa Wawi

Assalaam alaykum. Ninayo Sur-Ron Light Bee iliyotumika, niliyoinunua kwa mtu aliyeileta kutoka Dubai, na matairi yake ni 70/100-19 mbele na nyuma, yenye meno makubwa ya shambani. Ninasomesha skuli Wete, kwa hivyo kila siku ninapanda na kushuka vilima juu ya lami, na mngurumo wa meno hayo husikika kabla sijaonekana. Nimependa sura ya supamoto, yaani ringi za inchi 17 na tairi la 140/70-17 nyuma. Fundi mmoja wa Chake ameniahidi kunisukia ringi ya inchi 17 yenye upana uleule wa sasa, akasema tairi hilo litaingia "likilazimishwa kidogo". Je, ushauri huu ni sahihi, na nikifanya hivyo chombo kitakuwa halali barabarani?

Fundi wa Mwanakwerekwe

Wa alaykum salaam, mwalimu. Neno "likilazimishwa" ndilo lililonitisha. Ringi yako ina upana wa takriban inchi 1.4, ilhali tairi la 140/70-17 limekusudiwa ringi ya inchi 4 hivi. Ukilibana kwenye ringi nyembamba kiasi hicho, mbavu zake hukunjana kwa ndani, uso wake huwa wa mviringo kupita kiasi, na sehemu inayogusa lami hupungua badala ya kuongezeka. Zaidi ya hapo, ukingo wa tairi haukai sawasawa na unaweza kuchomoka upepo ukipungua kwenye kona. Pikipiki ya umeme ya Zero FXE, ambayo kweli hutumia 110/70-17 mbele na 140/70-17 nyuma, imetengenezwa tangu mwanzo na ringi pana na mkono wa nyuma wenye nafasi, na uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya chombo chako.

Kipenyo nacho ukipigie hesabu. Inchi 19 za ringi yako ni milimita 482.6, ongeza ubavu wa tairi wa 70 mara mbili, unapata 622.6. Tairi la 110/70-17 lina ubavu wa milimita 77, yaani asilimia 70 ya 110, na kipenyo chake chote ni 585.8. Nyuma ukiweka tairi la kipenyo hicho, chombo kitashuka milimita 18 hivi, kitavuta kwa nguvu zaidi kidogo, na kasi ya juu itapungua kwa karibu asilimia 6. Spidimita inayohesabu mizunguko, isiporekebishwa, itasoma zaidi ya mwendo halisi. Kosa hilo ni afadhali kuliko kinyume chake, ambapo unakwenda 55 huku ukiamini ni 50.

Vespa ya Bububu

Kuhusu uhalali, ndugu yangu, tenganisha mambo mawili: chombo na tairi. Light Bee hutengenezwa kwa aina mbili, ya shambani isiyo na indiketa, na ya barabarani ambayo Ulaya huingia daraja la L1e, lenye kikomo cha kilomita 45 kwa saa. Kama yako ni ya shambani, tairi zuri kiasi gani halitaigeuza kuwa ya barabarani. Taa, indiketa, kioo, honi, namba ya usajili na bima vinatangulia. Chukua karatasi za forodha na namba ya fremu, nenda ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) kabla hujanunua hata spoku moja.

Tairi lenyewe lisome ubavuni. Lenye maandishi NHS halikutengenezwa kwa barabara za umma. Herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba, ni alama ya idhini ya kimataifa (E3 ni Italia, E4 ni Uholanzi). Maandishi 54H maana yake ni mzigo wa kilo 212 na kasi isiyozidi 210. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tarakimu hizo zitazame kwanza, maana tairi lililokaa dukani miaka mingi hukauka hata kama halijaguswa.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Nimesahau jambo moja. Kwa uzito wa chombo chako, mimi ningesuka ringi ya 17 yenye upana wa inchi 1.6 mbele na 1.85 nyuma, nikafunga 2.75-17 na 3.00-17 za barabarani. Ni saizi za bodaboda, na matairi na tyubu zake unazipata Chake bila kuagiza. Pima kwanza nafasi kati ya tairi na mkono wa nyuma, na kati ya tairi na cheni. Isipungue unene wa kidole. Wakati wa masika punguza pia breki ya mota, kwa sababu ukiachia mkono ghafla juu ya lami iliyorowa, gurudumu la nyuma huburura kabla hujagusa breki yoyote.

Mkaazi wa Wawi

Ahsanteni sana. Nimepima jioni hii: kati ya tairi la sasa na mkono wa nyuma kuna milimita 21 kila upande, kwa hivyo 140 nimeshaisahau. Fremu ina namba, lakini indiketa hakuna. Jumatatu ninapeleka karatasi kwanza.