Mbwa na ujirani hapa Mwanza, kwenu vipi?

mgeni_bwiru: Wakuu habari za jioni. Nimehamia Bwiru juzijuzi, mwanzoni ilikuwa mageti tu hakuna anayemjua mwenzie. Sa hivi nikishuka na mbwa wangu jioni huku ziwani kila mtu ananisimamisha, mara anang'ata huyo? mara anakula nini, tunaishia kuongelea maji yaliyokatika na bei ya sato. Kwenu mbwa analeta ujirani au ugomvi?

nyegezi_kona: Kwetu wanafunguliwa usiku tu mkuu, stori utapiga saa ngapi 😂

mama_dagaa: Hapa Kirumba salamu inatosha, ukisema mwangaluka asubuhi ushajua nani anaumwa nani kasafiri. Ila majirani Waislamu wengi hawapendi mate ya mbwa yawaguse kwa hiyo mfupishie kamba mkipishana, wakiona unawajali ndo watakusalimia wa kwanza

bwana_mifugo: Kijiwe chenyewe ni foleni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, watoto wanavuta mbwa kwa kamba za katani, wazee wanabishana Simba na Yanga, mtaa mzima upo pale. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni 28 Septemba ila usisubiri hiyo. @mgeni_bwiru huyo wako kachanjwa?