"Undone": neno la kifungo kilichofunguka na mtu aliyeangamia

Swali

Ndugu zangu, ninasoma kitabu cha Isaya katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, huku ile ya Kiswahili ikiwa wazi kando yake. Katika sura ya 6, aya ya 5, nabii anapomwona Bwana, Kiingereza kinasema "I am undone", na Kiswahili kinasema "nimepotea". Mimi neno hilo nililijua kwa shati tu: kifungo kikiachia, huitwa "undone". Imekuwaje neno la kifungo likabeba maangamizi ya mtu?

Jibu la kwanza

Kufungua ndiyo maana ya zamani zaidi. Katika Kiingereza cha Kale kitenzi "undo", ambacho "undone" ni umbo lake, kilitumika kwa kufungua kilichofungwa, na pia kwa kutangua jambo lililokwisha kufanyika. Sarufi yetu ina jina linalolingana nacho kabisa, yaani kauli ya kutendua: "tenda" huzaa "tendua" kama "do" ilivyozaa "undo", nasi tunayo funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Baadaye, katika Kiingereza cha Kati, maana ilipanuka kutoka kwenye fundo hadi kwenye mali, heshima na maisha ya mtu, kwa kuwa navyo vilionekana kuwa vimefungwa pamoja na vinaweza kuachia.

Shakespeare alizitumia maana zote mbili. Yaya wa Juliet analia kwamba wao ni "undone" anapoleta habari za kifo cha Tybalt, binamu ya Juliet. Naye Mfalme Lear, akiwa karibu kukata roho mbele ya maiti ya bintiye, anaomba kwa upole afunguliwe kifungo kimoja.

Tahadhari moja: iko "undone" nyingine yenye maana ya "isiyotendwa", kama katika ungamo la Waanglikana la mwaka 1552 kuhusu mambo tuliyoacha kuyatenda. "Un-" ya hapo ni ya kukanusha, na asili yake ni tofauti.

Jibu la pili

Mama yangu ni fundi cherehani, na nimemwona mara nyingi akifumua gauni: anapitisha wembe kwenye mshono, uzi unakatika, na kilichokuwa vazi kinabaki vipande vya kitambaa mezani. Ndiyo picha ninayoiona katika kilio cha Isaya. Kwa maoni yangu, "nimekwisha" lingekaribia zaidi kuliko "nimepotea", kwa sababu aliyepotea anaweza kutafutwa, na neno la Kiebrania lililopo pale linahusu kuangamizwa.

Inanigusa pia kwamba Kiswahili kilichukua njia nyingine. Kwetu mama mzazi hujifungua, na mwenye uso uliokunjuka huitwa mkunjufu. Kulegea kwa kilichofungwa kumetuletea mtoto na furaha.

Aliyeuliza

Nawashukuru sana. Baada ya kuwasoma nimerudi kwenye kitabu kilekile na kuikuta sura ya 58, aya ya 6, inayoeleza saumu anayoitaka Mungu. Kiingereza cha 1611 kinaagiza "undo" mizigo mizito, na Kiswahili kinasema "kuzilegeza kamba za nira". Nilikuwa nimeipita aya hiyo mara nyingi bila kutambua kwamba ni neno lilelile la kilio cha sura ya 6.