Niliuziwa Ben-Hur nusu, na farasi nusu

Wadau, nina hasira tangu Jumapili na leo nazimwaga hapa.

Mzee wangu ametoka Mumias kuja kukaa nasi hapa Nakuru. Miaka yote anaisifu Ben-Hur, ile filamu ya 1959 ya Charlton Heston, aliyoitazama ujanani. Nikaona nimfurahishe. Nikapeleka flashi kwa jamaa wa duka la muvi mtaani, nikamuuliza mara mbili: iko yote? "Iko yote, boss, tena HD." Nikatoa mia.

Chai tayari, mandazi tayari, watoto chini kwenye mkeka, hata mama watoto ameweka simu kando. Picha ikajaa kioo kizima nami nikachekelea kama mjinga. Kumbe hapo ndipo nilipoibiwa! Upana wa filamu hiyo unakaribia mara tatu ya kimo chake, kwa hivyo kwenye runinga lazima ije na mikanda myeusi juu na chini. Ukiivuta ijaze kioo, zaidi ya theluthi ya picha inapotelea pembeni. Basi zikafika zile mbio za magari ya farasi. Kila gari hukokotwa na farasi wanne. Sisi tunahesabu wawili na mkia. Messala, yule hasimu, anamchapa Ben-Hur mjeledi, lakini Messala mwenyewe haonekani. Mzee ananigeukia: "Sasa huyo anachapwa na nani?" Nimjibu nini, anachapwa na kabati?

Na bado. Filamu ni ya saa tatu na nusu hivi. Yetu ilikwisha kwa saa mbili na dakika kumi. Mapumziko ya katikati waliyaondoa, hayo nawasamehe, lakini mama na dada yake Ben-Hur waliougua ukoma tuliwaona wakitupwa gerezani, kisha ghafla wamepona!

Kilichoniuma zaidi ni pale Nazareti, Yesu anapomnywesha maji Ben-Hur akiwa mfungwa. Filamu nzima Yesu hasemi neno wala uso wake hauonyeshwi, na utamu wa pale ni huo ukimya. Dijei, yule wa kuwekea muvi maneno yake juu, akaurukia: "Kunywa bradha, kunywa, bure hiyo!" Watoto wakaangua kicheko. Mzee akavua miwani, akaomba aonyeshwe kitanda.

Jana nikamrudia yule jamaa. Eti, "Kama ulitaka ndefu ungesema." Nisemeje zaidi ya mara mbili?

Aliye nayo nzima hapa Nakuru, yenye mikanda yake myeusi na bila dijei, aniambie. Mzee anarudi Mumias Alhamisi.