Wakuu naomba ushauri: niuze Mustang GT ya 2018 nichukue Chevelle SS ya 1970? Ipi inashika bei?

Mwana_Chumbageni
Habari zenu wakuu. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na moja huu, naendesha lori za masafa marefu. Mwaka 2018 nilijichangachanga nikanunua Mustang GT mpya, kila kitu juu yake ikafika dola 43,600. Mkopo nimemaliza mwaka jana, gari ina maili 58,000, sijawahi kugonga hata taa. Juzi nikaipeleka kwa madila wawili (wauza magari) kupima upepo, mmoja kasema 22,000 mwingine 22,800. Yaani karibu nusu ya gari imeyeyuka nikiwa nimeipaki.

Sasa jirani yangu, mzee wa miaka 78, ana Chevrolet Chevelle SS 396 ya mwaka 1970 (SS ni Super Sport, ile yenye nguvu; 396 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo), nyekundu ina mistari myeusi, ipo gereji imefunikwa mablanketi. Anahamia Arizona kwa binti yake, anataka 52,000. Ananiambia hizi hazishuki bei, zinapanda tu kila mwaka. Nina akiba 30,000 ambayo ilikuwa ya nyumba Tanga, kiwanja Kange tayari kipo. Nawaza niuze Mustang, nichanganye na akiba, nichukue Chevelle niiweke miaka mitano niiuze ndo nijenge. Mama watoto hajakubali wala hajakataa, kasema niulize watu wanaojua. Naombeni mnisaidie kwa moyo mweupe, hii hela nimelala kwenye lori kuipata.

Kijiti_cha_Oil
Mkuu chukua kabla mzee hajabadili mawazo! Hizi V8 za kizamani hazitengenezwi tena, zilizopo ndo hizo hizo na zinapungua. Kuna Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 ya wazi (paa linafunguka), ile zimetoka 11 tu dunia nzima, moja iliuzwa mnadani Seattle 2014 kwa dola milioni 3.5. Mustang yako 2018 Ford wameuza zaidi ya 75,000 hapa Marekani peke yake, nani atakulipa zaidi kwa kitu ambacho kipo kila kona.

Fundi_wa_Toledo
Mwana_Chumbageni tulia kwanza, usitoe hata mia. Mimi nanyoosha bodi na kupiga rangi Toledo mwaka wa 19 huu na Chevelle za 1970 nimezishika nyingi. Jua kwamba mwaka huo SS haikuwa modeli inayojitegemea, ilikuwa ni pakeji unalipia juu ya Malibu (Chevelle isiyo SS), kwaiyo namba ya chesisi ile inayosomeka kwenye dashibodi kupitia kioo cha mbele itaanza 13637 iwe SS iwe Malibu ya kawaida yenye V8, haikuambii kitu. Za 1966 mpaka 1968 ukiona 138 ni SS umemaliza, lakini kuanzia 69 hapo ndo watu walipopatia riziki, unachukua Malibu unapachika boneti na grili yenye nembo, unachora mistari, unatia injini kubwa, gari ya elfu 30 inaitwa gari ya elfu 50 na zaidi. Nimeziona kwa macho yangu na baadhi nimeletewa mimi nizifanye nikakataa.

Sasa nenda ukaangalie hivi. Simama mbele ya gari, boneti wazi, upande wa abiria kwenye bloku chini kidogo ya silinda hedi kuna kipande bapa. Kisafishe kwa brashi laini na dawa ya kusafishia kabureta, USIPIGE MSASA utafuta namba. Utaona namba inayoanza na 1, hiyo ni Chevrolet, halafu 0 ambayo ni 1970, halafu herufi ya kiwanda, halafu tarakimu sita za mwisho ambazo lazima zifanane na za kwenye dashibodi. Zikifanana injini ilizaliwa na hiyo gari. Kisha lala chini hesabu bolti za kifuniko cha difu, SS ina 12, Malibu ya kawaida 10. Muulize mzee kama ana karatasi ya kiwandani (orodha ya vitu gari ilivyotoka navyo), wafanyakazi walikuwa wanaziacha juu ya tangi la mafuta au chini ya springi za siti, ikipatikana hiyo ni dhahabu mana Chevelle haina pengine pa kuuliza, sio kama Pontiac ambayo PHS (watunza kumbukumbu za Pontiac) wanakutolea nakala ya hati au Ford ambayo kuanzia 1967 kuna ripoti ya kampuni ya Marti.

Mwisho sumaku. Ifunge kwenye kitambaa usikwaruze rangi, pitisha nyuma ya matairi ya nyuma, chini ya milango, chini ya kioo cha nyuma, ndani ya buti. Ikishika ni bati, ikidondoka ni filla (ile lipu ya kuzibia bati lililooza au kubonyea). Ohio tunamwaga chumvi barabarani kila winta na chumvi haijali gari ina historia gani.

Mkenya_wa_Garland
Fundi amesema kweli. Lakini mimi nitatetea gari za kisasa kidogo, watu wanaziweka zote kapu moja na si hivyo. Hiyo Mustang yako ni GT ya kawaida na ndio maana imeshuka, iko mingi, alafu kila Ford wakitoa ingine yenye nguvu zaidi yako inaonekana ya jana. Lakini angalia Shelby GT350 za 2016 hadi 2020, ile injini ya lita 5.2 inayozunguka mpaka mara 8,250 kwa dakika, hakuna ingine kama hiyo imetoka baada yake, wenye nazo hawauzi ovyo. Ama Challenger Demon 170 ya 2023, Dodge walisema hazitapita 3,300, na Challenger yenyewe ikafungiwa Brampton kule Canada Desemba 2023. Camaro ya Chevrolet nayo ikafungwa mwezi huo huo. Kwa hivyo swali si ya zamani ama ya sasa, swali ni je ziko ngapi na kuna mtu bado anaiota.

Na usidhani bei inafuata mbio. GT yako ina farasi 460. SS 396 waliandika 350, na hizo ni za kipimo cha kabla ya 1972 ambapo injini ilipimwa ikiwa uchi, bila mabomba yake ya ekzosi ya kawaida wala vitu vinavyoibeba ndani ya gari. Gari yako itaiacha mbali.

Kama uko na mawazo ya kuipeleka nyumbani baadaye sahau Kenya, pale mwisho ni miaka 8 na usukani uwe wa kulia. Uganda ni miaka 15.

Dada_Hesabu
Kaka yangu pole na lori. Mimi sijui bolti ngapi lakini hesabu najua, naomba nikuwekee hapa.

SS 396 mwaka 1970 ilikuwa kama dola 3,500 na vikorombwezo vyake. Hizo 3,500 kwa thamani ya dola ya leo ni kama 28,000. Mzee anauza 52,000. Kwaiyo faida halisi ni 24,000 kwa zaidi ya miaka 50, na bado hujatoa bima, matairi, betri, kabureta iliyosafishwa mara ngapi, na gereji. Na tunahesabu kama mtu alinunua mpya, wewe unaingia juu ya ngazi.

Halafu hiyo "hazishuki" sio kweli kabisa. 2006, 2007 hizi gari zilipaa watu wakachukua mikopo ya nyumba wakanunue, ulivyokuja mtikisiko wa 2008 zikaporomoka na waliokuwa na haraka ya hela waliumia. Wewe ndo mwenye haraka, umesema miaka mitano. Akiba ya kujenga haiwekwi kwenye kitu ambacho ukitaka kukiuza inabidi usubiri mtu mmoja mwenye mapenzi nacho ajitokeze. Ukiipenda gari inunue kama gari, ila ya Tanga iache Tanga.

Kijiti_cha_Oil
Dada_Hesabu lakini Mustang nayo inashuka tu, angalau ile nyingine inasimama.

Dada_Hesabu
Mustang imeshashuka ile sehemu kubwa, kaka. Aliyeumia ni yule wa 2018 na ni huyu huyu. Kuanzia sasa itashuka pole pole. Akiiuza leo kwa dila anakubali hasara yote ya mwanzo halafu anakwenda kubeba hatari mpya.

Bwana_Mdogo_MN
Mimi naomba niulize, hao wanaozinunua ni akina nani? Kila onesho la magari hapa Minnesota naona wazee watupu wamekaa kwenye viti vya kukunja nyuma ya gari zao. Sisi tuliokuja na umri mdogo ndoto zetu ni gari za Kijapani, Supra na Skyline. Hao wazee wakiondoka nani atatoa elfu 50 ya Chevelle?

Fundi_wa_Toledo
Swali zuri sana mdogo wangu. Ninavyoona gerejini kwangu zile za juu hazina wasiwasi, Chevelle za 1970 zenye injini kubwa kuliko zote, LS6 454, zilitoka elfu nne na ushei, hizo wenye hela watagombania tu. Zinazolegea ni hizi za katikati, zisizo na karatasi. Miaka kumi iliyopita gari ya kuungwaunga iliyopigwa rangi vizuri ilikuwa inaondoka wiki moja, sasa hivi inakaa mpaka vumbi. Mnunuzi wa leo ana simu mkononi, namba zote anazijua kabla hajafika.

Mwana_Chumbageni
Wakuu nashukuru sana, nimesoma neno kwa neno. Jumamosi naenda na jamaa yangu mmoja fundi wa malori, nitaleta mrejesho. Mzee ni mtu mwema mno, mwaka 2020 mimi nikiwa njiani yeye ndo alikuwa anawafyekea familia yangu theluji mlangoni bila kuombwa. Ndo mana hata kumkagulia gari naona aibu.

Fundi_wa_Toledo
Usione aibu. Mwambie unajifunza, akiwa mtu mwema atakushikia tochi.

Mwana_Chumbageni
MREJESHO. Tumetoka huko.

Kweli alinishikia tochi. Tulisafisha kile kipande bapa, mafuta yalikuwa yameganda juu yake kama lami, ilituchukua dakika ishirini. Namba zikatoka. Ilianza 12, sio 10. Nikarudia kusoma mara tatu na jamaa naye akasoma. Yaani injini ni ya 1972, na tarakimu za mwisho hazina uhusiano kabisa na za dashibodi. Tukalala chini, difu ina bolti 10. Karatasi hakuna, siti tumeinua tumekuta sarafu na penseli.

Sumaku ilishika vizuri milangoni na kwenye buti, ila nyuma ya tairi la nyuma la kushoto ilidondoka. Nikaokota nikaweka tena, ikadondoka. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake hasemi kitu. Akainuka, akaniomba ile sumaku, akaipitisha mwenyewe polepole kuanzia mlangoni kurudi nyuma mpaka ilipomtoka mkononi. Akasema aliinunua 1994 kwa tangazo la gazeti, akaambiwa SS akalipa bei ya SS, na marehemu mkewe alikuwa anaiita jina la utani kwa sababu hiyo. Miaka thelathini anawaambia watu ni SS. Nilitamani nisingekuja na ile brashi.

Sasa wakuu nifanyeje, bei yake halisi ni ngapi, na nimwambieje?

Fundi_wa_Toledo
Pole sana kaka, na pole kwa mzee. Sikiliza, hiyo bado ni gari nzuri, Malibu ya 70 ya milango miwili yenye injini kubwa, watu wanaipenda. Halafu wala usijali kuitwa 396, hata zile za kiwandani mwaka 1970 zilikuwa zimeshapanuliwa kuwa 402 wakabakiza jina tu. Bila namba na ikiwa na filla upande mmoja, mimi ningesema 28,000 mpaka 31,000 kama chesisi chini haina matundu. Kuondoa ile filla na kuchomea bati jipya upande ule pamoja na rangi weka pembeni 4,000. Usimwambie bei wewe. Ameshika sumaku mwenyewe, atasema.

Mkenya_wa_Garland
Na ukinunua chukua bima ya thamani mliyokubaliana, Hagerty na wengine wanatoa. Bima ya kawaida ukipata ajali wataikadiria wanavyotaka wao ukose. Watakutaka iwe inalala gereji yenye kufuli na usiende nayo kazini kila siku.

Mwana_Chumbageni
Nimerudi tena. Jumatatu jioni mzee kagonga mlango mwenyewe. Kasema 29,000, na kama siitaki ataelewa, ila akimuuzia mtu mwingine atamwambia ukweli wote tuliouona. Chesisi nilishaikagua kwa bisibisi urefu wote, haina matundu.

Tumekaa mimi na mama watoto. Uamuzi ni kwamba Mustang naiuza mwenyewe, sio kwa dila, kuna kijana kazini kwetu kafika 26,000. Naongeza 3,000 kutoka kwenye akiba, Chevelle nachukua. 27,000 inayobaki inakwenda Tanga, msingi unaanza mwezi wa tisa kaka yangu akishapata fundi. Zile 4,000 za bati nitazitafuta taratibu na safari za ziada, hata ikichukua mwaka. Kazini naenda na Corolla yetu kama kawaida. Chevelle sitaiuza baada ya miaka mitano, nimeshaacha hiyo hesabu, na nembo za SS mzee kaomba abaki nazo nimemwachia.

Nauliza la mwisho, kumuuzia mtu mkononi hapa Ohio nichunge nini?

Dada_Hesabu
Hongereni sana wewe na wifi. Kwanza hakikisha taito (hati ya umiliki) ya Mustang imetoka kweli benki na jina la mkopeshaji limeondolewa, usiamini tu kwamba umemaliza kulipa. Pili usiisaini nyumbani, Ohio sahihi ya muuzaji kwenye taito lazima ishuhudiwe na mthibitishaji (notary), ukisaini mapema umeiharibu inabidi uombe nyingine. Kutaneni ndani ya benki ya huyo kijana, cheki ya benki itolewe mkiwa mmesimama pale dirishani, na mthibitishaji mara nyingi wanaye hapohapo. Namba za gari toa usimwachie. Na mzee naye mkumbushe hivyo hivyo kwa taito ya Chevelle, hiyo gari anayo tangu 1994, anaweza asijue.