Kozi ya mtandaoni, maalim au laptopu ya mtumba: nianze na nini katika uandishi?

Kijana_wa_Langoni
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina shilingi 9,000 nilizoweka kwa ajili ya kujifunza kuandika vizuri, na mwisho wa mwezi nataka niwe nimeamua. Mbele yangu kuna mambo matatu. Kozi ya mtandaoni ya wiki 6 kwa 7,500, na cheti juu. Maalim mmoja mstaafu hapa Amu (Lamu) aliyekubali kunisahihishia kazi kila wiki, malipo tutaelewana. Au laptopu ya mtumba, mwenyewe anataka 14,000, iliyobaki nitakopa. Nyinyi mngechukua lipi?

Nahodha_Mstaafu
Kuandika nini, yakhe? Barua, habari, hadithi, ripoti za mashirika? Na kwa lugha gani? Mtu akiniuliza apande chombo gani, namuuliza kwanza anakwenda wapi.

Fundi_Mokowe
Laptopu, tena upesi. Simu inaharibu Kiswahili: unaandika neno lako, yenyewe inakugeuzia Kiingereza, ukija kusoma umesema usilolisema. Angalia betri tu, na kama vitufe vyote vinabonyea.

BintiMalindi
Fundi, hiyo laptopu si yako kweli?

Fundi_Mokowe
Si yangu. Yangu nauza 16,000.

Kijana_wa_Langoni
Naandika makala na hadithi fupi.

Karani_wa_Ganda
Mimi nasema yote matatu yangoje kwanza. Magazeti kama Taifa Leo hupokea barua za wasomaji. Andika barua fupi juu ya jambo unalolijua, nauli za boti au takataka za ufukweni, na nakala yako uiweke. Ikichapishwa, zitazame zote mbili pamoja, uone mhariri amekata nini. Zangu kila mara ilikuwa aya ya kwanza. Nilikuwa na salamu, utangulizi, na utangulizi wa utangulizi, shida yenyewe inakuja chini kabisa. Somo hilo lilinigharimu bei ya gazeti.

BintiMalindi
Kuhusu kozi, ngoja nikueleze yaliyonipata. Wenyewe siwataji. Nililipa kwa M-Pesa, nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu chungu nzima, salamu za asubuhi peke yake zinafika adhuhuri. Masomo yalikuwa faili za kujisomea: nomino ni nini, kitenzi ni nini, mambo ya shule ya msingi. Nikavumilia, kwa sababu waliahidi mhariri atapitia hadithi ya kila mwanafunzi.

Nikaandika hadithi ya mama muuza samaki na mvuvi anayempa samaki kwa mkopo. Ikarudi. Mvuvi wangu anazungumza kama msoma taarifa ya habari! Mtu katoka baharini mikono mitupu, anamwambia mteja wake, "Ninasikitika kukufahamisha kwamba leo sikufanikiwa." Wahusika wote walikuwa wamepigwa pasi, mzee na mtoto wanasema sawasawa. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa ndio usanifu. Hakuna hata sentensi moja niliyoelezwa ilikuwa na kasoro gani, zilibadilishwa tu.

Mwisho ukaja mkusanyiko. Hadithi yako itaingia kitabuni, lakini kila mwandishi kwanza anunue nakala 20. Nikanunua. Kitabu hicho sijakiona dukani hata siku moja. Wasomaji wake ni sisi tuliokilipia, na shangazi zangu niliowagawia. Sasa, kaka, kabla hujatuma pesa uliza: nani atasoma kazi yangu, atasoma ngapi, na ataniandikia sababu au atanibadilishia tu? Cheti usikiulizie. Hakuna mhariri wa gazeti atakayekuomba cheti.

Kijana_wa_Langoni
Ahsante dada. Niliwauliza, wanasema mwalimu anasoma kazi mbili. Ila kozi yenyewe ni ya Kiingereza, na mimi naandika Kiswahili.

Nahodha_Mstaafu
Sasa hilo ndilo la kutuambia leo?

Maalim_Shela
Mwanangu, jifunze utenzi kwanza. Mstari una mizani 8, ubeti una mistari minne, mitatu ya mwanzo inalingana vina na wa nne unashika bahari, yaani kina kimoja, mpaka mwisho wa utungo. Ukibanwa na mizani 8, neno lisilo na kazi utalitoa mwenyewe, maana halina pa kukaa. Na Mwana Kupona, malenga wetu wa Amu, alipotunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa anasema na binti yake. Ndiyo maana husikii pahali alipoyumba. Vijana wa leo wanaandikia "wasomaji", watu wasiowajua.

Karani_wa_Ganda
Maalim, kwa heshima zote, nimewasoma malenga wakiandika makala. Kila sentensi inataka kuimba, na mpaka mwisho hujajua maji yamekatika mtaa gani. Mizani inafundisha kubana, sikatai. Inafundisha na kujaza pia. Mara ngapi tumeona "jama", "hakika" na "kweli" zimetiwa ili hesabu itimie tu?

Maalim_Shela
Hao si malenga, Karani. Hao ni wajazaji.

Mtu_wa_Siyu
Mbona Mwana Kupona anatajwa kama mtu wa Amu? Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mkuu wa Siyu.

Mpate_Asili
Na yeye kazaliwa Pate. Siyu aliolewa tu.

Mtu_wa_Siyu
Aliyeolewa kwake ni kwa mumewe, au Pate hamna nikahi?

Kijana_wa_Langoni
Jamani, na mimi?

Fundi_Mokowe
15,000, na chaji yake.

Nahodha_Mstaafu
Huyo maalim mstaafu alikuwa akisomesha nini?

Kijana_wa_Langoni
Hesabu.

Karani_wa_Ganda
Hesabu!

BintiMalindi
Msicheke. Mtu wa hesabu atakuuliza hatua hii imetoka wapi, na makala nyingi zinafia hapo hapo. Kwa hadithi lakini sijui. Mpe ukurasa mmoja bure kwanza, uone anarudisha nini. Akirudisha una alama nyekundu bila maneno, shukuru uondoke.

Nahodha_Mstaafu
Ndani ya Ngome ya Lamu kuna maktaba. Nenda ukasome hadithi fupi za watu kabla hujamlipa yeyote. Pale palikuwa jela hadi 1984, sasa watu wanaingia kwa hiari.

Karani_wa_Ganda
Na ukisoma, nakili ukurasa mmoja kwa mkono, neno kwa neno. Jicho huruka, mkono unalazimika kupita kila koma.

Fundi_Mokowe
Kwa mkono, karne hii?

Maalim_Shela
Kwa mkono, naam. Miswada ya tenzi imetufikia vipi?

Mpate_Asili
Ya kwetu Pate imefika vizuri sana, ahsante.

Mtu_wa_Siyu
Njoo Siyu Jumamosi tuyamalize ana kwa ana. Maalim awe hakimu.

Maalim_Shela
Nakuja. Boti inatoka saa ngapi?

Nahodha_Mstaafu
Mtangoja maji yajae. Mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakitoka.